Kaukau za Dagaa na Mbegu ya Kwanza

Nyakunguru, 14 Novemba 1993

Mama Esta,

Leo ni miezi mitatu na siku nne tangu nitoke Sota. Nahesabu kwa kukata alama kwenye nguzo ya kibanda, na kama nimeruka siku moja mbili unisamehe, maana kuna siku naingia chini jua halijatoka na kutoka limeshazama.

Kopo limefika. Nyangwine dereva alilileta mwenyewe mpaka kambini, kifuniko hakijaguswa, ingawa analalamika kwamba harufu ilimsumbua njia nzima. Nilipofungua nikaziona zile kaukau za dagaa ulizofundishwa na yule mama wa idara ya uvuvi wa Kisumu, nikakumbuka nilivyokucheka. Nilisema unga wa muhogo na omena, hao dagaa wetu, ni chakula cha bata. Naondoa maneno yangu.

Huku tunakula ugali na maharage, siku ya pili maharage na ugali. Mwenye duara, mzee Magige, anatulisha tu, mshahara hakuna. Duara ni shimo letu, limekwenda chini kama minazi miwili iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine, kisha linalala kwenda mbele. Tukiufikia mwamba wenye dhahabu, kila mtu atapata mifuko yake ya mawe. Ukiondoka kabla ya mwamba umeondoka na mikono yako. Ndiyo maana siji hata kusalimia.

Ninayeshika naye zamu ni Mkurya mmoja, Mogesi, mtu wa Nyambureti kule Serengeti. Kwao wanajua ng'ombe na mtama, samaki hawamjui. Alipoona kopo akasema, "Mjaluo, mpaka chakula cha kutafuna mnakitia harufu ya ziwa?" Nikampa moja. Akaila polepole kama mtu anayeonja dawa. Kisha akasema, "Lete nyingine, nijue kama ile ya kwanza ilikuwa mbaya kweli." Kufikia jioni kopo lilikuwa nusu.

Tunazila chini, wakati wa kupumzika. Mle ndani hakuna sauti ila maji yanayodondoka, basi mtu mmoja akitafuna wote wanasikia, kacha, mpaka mwisho wa shimo. Hakuna kula kwa siri. Wenzangu wanaomba utume tena.

Msalimie mama. Mwambie Esta nimeona mchoro wake wa jogoo.

Ni mimi,
Okech


Sota, 29 Novemba 1993

Baba Esta,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya mama, akacheka habari ya bata. Anasema wewe tangu mtoto ulikuwa unakitukana chakula halafu unaomba cha pili.

Umenifurahisha kuliko unavyojua. Hapa wanawake wa kikundi walianza kukata tamaa. Kazi ni ndefu. Dagaa nawakaanga bila mafuta, nawatwanga, nachekecha. Nakanda na unga wa muhogo, chumvi na kitunguu saumu, nafanya magogo kama mkono wa mtoto, nayafunga kwa majani ya mgomba na kuyapika kwa mvuke. Yakipoa nayakata membamba, mpaka uone kidole chako upande wa pili, halafu nayaanika juu ya mawe kule ufukoni na kuwafukuza kunguru kutwa nzima. Watu wakanunua siku ya kwanza kwa kushangaa, siku ya pili hakuna. Yule mama wa Kisumu alituambia kuna nchi za visiwa mashariki ya mbali ambako kila nyumba ya mvuvi inazo. Nikasema labda watu wa huko wana subira kutushinda.

Sasa nimewaambia kwamba wachimbaji wa dhahabu wanazigombania. Wamerudi wote kazini.

Nawe umeniambia kitu kuhusu sauti. Nimejaribu kuanika mara mbili, siku mbili juani, kuzipumzisha, kisha siku moja tena. Zikiingia kwenye mafuta ya moto kweli zinafumuka kwa nguvu, na ukizivunja zinalia kama ukuni. Zaidi ya zile za kwanza. Nimekutumia hizo mpya, utaniambia.

Mama anauliza kama Februari utakuwepo. Anauliza polepole ila kila siku. Boma letu unalijua. Yeye anaanza kupanda, anafuata wewe kwa kuwa ndiye mkubwa, halafu Orwa mdogo wako. Nyumba yetu haiwezi kuanza bila mwenyewe. Mbegu ya kwanza mume ndiye anayeitupa, na usiku wa kuamkia siku hiyo mke halali peke yake. Orwa naye hawezi kuturuka. Alisema kanisani mchungaji ameruhusu watu wapande tu, habari za chira na laana ya kuvunja mwiko ni za zamani. Mama akamjibu, "Mchungaji hana shamba."

Njoo kabla ya mvua.

Wako,
Gladys Amondi


Nyakunguru, 19 Desemba 1993

Mama Esta,

Hizi za kuanika mara mbili ni hatari. Nakueleza uone ulichofanya.

Juzi nilikuwa nimekaa nyuma, Mogesi mbele anachimba, wenzetu wawili katikati wanabeba kifusi. Nikatia moja mdomoni. Ikalia. Wewe hujaingia mle, basi nikuambie kwamba paa la njia yetu limeshikwa na miti, tunaiita matimba, na mtu wa chini masikio yake yako kwenye matimba saa zote. Mti ukitaka kuvunjika hulia kwanza. Basi ile kaukau yako ililia vilevile kabisa. Watu wakatupa vyombo, wakanipita kama mbuzi waliomwona fisi, mmoja akanikanyaga mkono. Mogesi ndiye wa mwisho, akanikuta nimekaa, shavu limejaa.

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mjaluo, utatuua kwa tamaa yako. Ukila sema."

Tangu siku hiyo imekuwa mchezo. Sauti ikisikika, mtu anasema, "Nibakizie," na kazi inaendelea. Magige alisikia akakataza kaukau zisishuke. Lakini Magige mwenyewe hashuki, na matimba anayotuletea ni mikalitusi mibichi myembamba kama fimbo za wachungaji, basi amri zake tunazipokea tunavyoipokea miti yake.

Mwambie mama nitakuja. Mawe yameanza kubadilika rangi, wazoefu wanasema mwamba hauko mbali. Katikati ya Februari niko nyumbani, nitapanda kwa mikono yangu. Nimesema.

Tuma makopo mawili. Moja ni la Mogesi, anataka kumpelekea mke wake, Boke. Anasema hatamwambia ni samaki mpaka amalize.

Okech


Sota, 11 Januari 1994

Baba Esta,

Krismasi ilikuwa nzuri kwa kiasi chake. Esta aliimba kwaya akasahau ubeti wa pili, akaimba wa kwanza tena kwa nguvu zaidi.

Niliwasomea kikundi habari ya watu waliokimbia. Walicheka mpaka Mama Christina akatoa machozi. Sasa tukiwa sokoni tunawaambia watu, hizi ndizo zilizowatoa Wakurya shimoni. Wananunua kwa sababu ya hadithi, wanarudi kwa sababu ya utamu. Mwenye duka mmoja wa Sirari amesema tukimpelekea kila wiki atazichukua. Mimi, mtu wa darasa la saba, naambiwa "kila wiki".

Makopo mawili haya hapa. La Boke nimelifunga kwa kitambaa chekundu. Nimezikaanga kwa moto mkali kuliko zote.

Mama ameshalima kwake. Upepo umeanza kutoka ziwani mchana, mawingu yanakusanyika halafu yanajuta. Orwa ananoa jembe lake mlangoni kwetu, ana mlango wake lakini ananolea kwetu.

Katikati ya Februari, umesema. Nimemwambia kila mtu.

Amondi


Nyakunguru, 30 Januari 1994

Mama Esta,

Usitume tena kaukau. Watu wamezichoka.

Kazi imesimama kidogo. Februari sitaweza kuja. Nitakuambia nikiweza.

Mimi mzima.

Okech


Sota, 14 Februari 1994

Baba Esta,

Barua yako ina mistari minne. Nimeisoma nyuma pia, kama kuna kitu umeandika huko.

Makopo niliyokutumia baada ya yale mawili, Nyangwine ameyarudisha. Yamefungwa kama nilivyoyafunga. Nikamuuliza, akasema, "Shemeji, mimi nabeba tu." Hajawahi kuniita shemeji. Mtu akianza kukuonea huruma anakutafutia undugu.

Watu hawachoki chakula kwa wiki tatu, Okech. Wiki hii walikuwa wanakigombania, wiki ijayo wamekichoka? Kama zilikuwa na mafuta yaliyochacha, niambie. Kama mtu aliumwa tumbo, niambie. Kikundi wananiuliza, nami nasema njia ni mbovu.

Mvua imenyesha mara mbili. Mama amepanda. Mahindi ya majirani yametoka kidole kizima, na kwetu udongo umelimwa na uko mtupu, wa Orwa mtupu pembeni yake. Wapita njia wanaangalia. Mke wa Orwa hanisalimii vizuri siku hizi, na simlaumu, ana watoto wanne na shamba ambalo halianzi kwa sababu yangu.

Ulisema katikati ya Februari. Leo ndiyo katikati.

Amondi


Sota, 7 Machi 1994

Okech,

Sitakuita Baba Esta leo.

Nyangwine alikwenda kuuza dagaa mnadani Serengeti. Amerudi na safari hii nilimkalisha chini, nikamwambia hataondoka na magunia mpaka aseme. Amesema alikuona Nyambureti. Hukuwa duarani. Ulikuwa shambani kwa mwanamke, umeshika jembe la ng'ombe, na mwanamke huyo alikuletea uji shambani ukanywa umesimama. Akauliza jina lake, akaambiwa Boke. Shamba limepandwa lote.

Huyu ndiye Boke niliyemfungia kopo kwa kitambaa chekundu?

Nisikilize. Mwanamume anaweza kwenda machimbo akapata mwanamke. Nimezaliwa ufukoni, najua wavuvi, mimi si mtoto. Ningelia, ningenyamaza, ningekusubiri. Lakini wewe umepanda. Umeacha udongo wako mtupu na wa mdogo wako mtupu, ukaenda kupanda kwa mwingine. Wewe Mjaluo, mtoto wa Oduol, unajua mwanamume anayefungua mwaka kwenye shamba la mwanamke amekuwa nani wake. Huyo Mkurya labda hajui. Wewe unajua.

Mama alichukua kiti chake akaenda kukaa nyuma ya nyumba. Orwa amesema akifika mwisho wa mwezi atapanda, na chira ije imkute na shibe.

Swali langu ni moja, na ulijibu hilo kabla ya mengine yote. Nani alitupa mbegu ya kwanza?

Gladys Amondi


Nyambureti, 14 Machi 1994

Mama Esta,

Mogesi. Mbegu ya kwanza aliitupa Mogesi, mwenye shamba na mwenye mke. Nilimbeba mgongoni kutoka mlangoni mpaka shambani, nikamshusha kwenye mtaro wa kwanza, akatupa. Ndipo mimi nikafuata nyuma. Boke alisimama pale akacheka, akasema, "Huyu anadhani mahindi yetu yanaogopa Wajaluo." Mogesi akamwambia, "Mwache. Ana mke wake ziwani, anapanda akimwangalia yeye." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila siku tangu nifike nalala kwenye kibanda cha ndama. Uliza yeyote.

Sasa utauliza kwa nini Mogesi anabebwa.

Tarehe 27 Januari tulikuwa chini, mchana. Nilikuwa na kaukau zako kwenye mfuko wa shati, zile za moto mkali. Tulikuwa tumeshapumzika na kula, tumerudi kazini. Mogesi mbele, mimi hatua tano nyuma yake, wale wawili wameshatoka na kifusi. Mti ukalia.

Ulilia kama kaukau. Sina namna nyingine ya kusema. Mogesi hakugeuka, alisema tu, "Mjaluo, nibakizie," na akainua sururu.

Amondi, mdomo wangu ulikuwa mtupu. Dunia nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba sikuwa natafuna. Neno lilikuwa dogo, "si mimi", hata mtoto analisema. Sikulisema. Miguu ilianza kabla ya mdomo. Nilikuwa nimeshageuka nakimbia ndipo nikapiga kelele, na kelele yangu na paa vikashuka pamoja.

Tulimchimbua kwa mikono mpaka saa kumi. Alikuwa hai, anatukana kwa Kikurya, tukafurahi kusikia matusi. Lakini gogo lilikuwa limelala juu ya mguu wake wa kulia. Hospitali waliukata chini ya goti. Wa kushoto umevunjika, umefungwa, wanasema utapona.

Magige alilifunga duara na kuondoka. Mwamba hatukuufikia, na mimi sina mfuko hata mmoja wa mawe. Nilikuja na Mogesi huku kwao kwenye gari la hospitali. Nilikuta ng'ombe wawili, jembe, watoto watatu wadogo, na mvua imeanza. Ungefanya nini? Nikalima. Nilikuwa nafikiri nitalima siku mbili nije kwako. Halafu nikafikiri nitapanda nije. Ukweli ni kwamba kulima kwake kulikuwa rahisi kuliko kukuangalia wewe usoni.

Sikukuambia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni aibu. Ya pili, niliona barua yako ya Januari, "kila wiki", nikaona ulivyofurahi. Nikasema, mguu wa Mogesi umeondoka, sasa na kazi ya Amondi nayo iondoke? Nikaandika watu wamezichoka. Ulikuwa uongo. Walizipenda mpaka siku ile.

Mogesi hajui. Anadhani nilikuwa natafuna kweli, na mti ukavunjika tu baadaye. Ananishukuru kwa kumlimia. Kila akinishukuru nashika jembe tena.

Sasa umejua. Ukitaka kuniita Okech endelea kuniita Okech.

Okech


Sota, 21 Machi 1994

Baba Esta,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza, nisamehe, nilitafuta jina la Boke tu. Nikaliona anacheka shambani, nikakaa chini nikapumua. Nilikuwa nafurahi, na mguu wa mtu ulikuwa umeandikwa palepale chini yake, sikuuona.

Mara ya pili nikauona mguu.

Mara ya tatu nikajiona mimi. Mimi ndiye niliyeanika mara mbili. Hukuniagiza. Uliandika kuhusu sauti na mimi nikaifuata sauti kama mtoto anayefuata ngoma. Na siku ile watu walipokimbia bure, nilipaswa kuogopa, badala yake nikaigeuza kuwa tangazo. Nimesimama sokoni nikiwauzia watu kwa kicheko kuhusu lile shimo. Kwa hiyo usibebe peke yako, na usinifiche kana kwamba mimi ni kikombe cha kuvunjika.

Lakini sitakudanganya nawe. Ulichelewa kusema. Hilo ni lako, siwezi kukuondolea, na ukija hapa ukinikuta nakuambia haikuwa kitu, ujue nakuhurumia tu. Mti mbichi ni wa Magige. Kimya chako cha hatua tano ni chako. Ila mtu aliyekimbia ndiye aliyerudi kuchimba kwa mikono, na huyo pia ni wewe.

Sasa mambo mawili.

La kwanza. Mwambie Mogesi. Usimlimie mtu shamba ili usimwambie neno. Anakushukuru kwa kitu asichokijua, huo ni wizi, Baba Esta, hata kama jembe ni zito. Ukishamwambia akikufukuza, njoo. Akikubakiza kwa hasira, nieleze.

La pili ni kaukau. Nimeacha kukaanga tangu barua ije. Kikundi wamekuja mlangoni, mwenye duka wa Sirari ametuma mtu. Nimesema naumwa. Mafuta yakichemka nasikia nisichopaswa kusikia, na mimi sijawahi kuingia shimo lolote. Mama nimemweleza yote. Alifikiri sana, akasema, "Samaki wamezamisha wanaume wangapi wa ufuko huu, na nani ameacha kula samaki?" Sijui kama ni jibu. Ni jibu la mtu mzima aliyezika wengi. Nataka lako. Ukisema niache, nitaacha na sitakulaumu. Kuna kazi nyingine.

Nimempa Nyangwine gunia la dagaa wakavu kwa nyumba ya Mogesi. Dagaa wazima, hakuna cha kulia wala kuvunjika. Mwambie Boke awaloweke kwanza.

Nimekwenda kwa Orwa mwenyewe. Nimemwambia mumeo wa kaka yako hakuoa, alikuwa anamlimia mtu aliyekatwa mguu. Akaweka jembe chini. Amekubali kusubiri mpaka Jumatatu ya Pasaka. Siku hiyo jua likipanda hujafika, yeye atapanda, na sitakuwa na mdomo wa kumzuia. Mahindi yamechelewa, ila mtama bado utashika.

Amondi


Nyambureti, 28 Machi 1994

Mama Esta,

Umeandika kwamba ulimwambia Orwa "mumeo wa kaka yako". Nimeona ulikuwa umechanganyikiwa kama mimi. Imenipa nguvu.

Nimemwambia Mogesi. Tulikuwa nje, anachonga gongo lake la pili, la kwanza lilikuwa fupi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka manne. Nikasema, "Siku ile sikuwa natafuna."

Aliendelea kuchonga. Nikafikiri hakusikia. Kisha akasema, "Najua."

Nikamuuliza anajuaje. Akasema, "Mtu anayetafuna hapumui vile. Nilikusikia ukivuta pumzi. Nilijua kabla neno langu halijaisha kutoka, lakini lilikuwa limeshaanza, na mwili wangu ukalisubiri limalizike." Akapuliza vumbi la mti. "Wewe ulichelewa kusema, mimi nilichelewa kunyamaza."

Nikamuuliza mbona miezi miwili ananishukuru. Akasema, "Shamba umelima au hukulima?" Halafu alikasirika. Hakukasirika nilipotegemea, alikasirika baadaye, wakati wa chakula. Alisukuma sahani, akasema nimemkalia nyumbani kwake na siri kama mtu aliyemwekea nyoka chini ya kitanda, na kwamba kila nilipombeba mgongoni alidhani nambeba kwa urafiki. Nikasema ilikuwa urafiki. Akasema, "Ilikuwa vyote viwili." Hilo sikulikataa. Siku mbili hakusema nami. Leo asubuhi ameniita nimshikie gongo apime urefu.

Dagaa wamefika. Boke aliwaloweka kama ulivyosema, watoto wamekula, mdogo amekataa kwa sababu wana macho. Nilimuuliza Mogesi kama siku moja utume kaukau. Akasema, "Bado. Boke akitafuna hizo karibu yangu nitaruka, na sina mguu wa kurukia." Ndivyo alivyo. Boke alimpiga kwa kitambaa.

Kuhusu kazi yako. Usiache. Nimefikiri siku hizi mbili za kununiwa. Kosa halikuwa kwenye chakula, lilikuwa kwenye mahali pa kukilia, na mahali hapo nilipachagua mimi. Kaanga, peleka Sirari kila wiki kama ulivyoambiwa. Ila ile hadithi ya Wakurya kukimbia msiiseme tena sokoni. Na mimi, ukweli, sijui kama nitaweza kukaa karibu ukikaanga. Siku hizo nitakwenda ufukoni kufukuza kunguru kwenye mawe, hiyo naiweza. Usione ni kukuchukia. Sikio langu linataka muda.

Mogesi amesema niende. Anasema shamba lake limeota, lililobaki ni palizi, na mdogo wa Boke anakuja kwa kazi hiyo wiki hii. Akasema pia, "Mjaluo, kwenu mbegu zinakusubiri wewe, huku hata kuku hawakusubiri." Ng'ombe nimewapaka dawa ya kupe. Jembe nimelisafisha.

Sina mawe, sina dhahabu, nguo ni zilezile nilizoondoka nazo pamoja na viraka. Nitakuja hivyo.

Natoka hapa Alhamisi alfajiri, Ijumaa Kuu nitakuwa Tarime mjini ambako Nyangwine ananingoja na gari lake. Jumamosi tarehe mbili Aprili, kabla ya jua kushuka ziwani, niko mlangoni. Mwambie Orwa asinoe tena jembe. Jumapili tutakwenda kanisani wote, jioni nitakaa na wewe na mama niwaeleze kwa mdomo, na Jumatatu asubuhi tutapanda mtama.

Baba Esta